Fundi anajibu: Injekteri ya tatu inalala motere ikipata moto

Jambo yenu wote. Mwezi huu barua zimekuja nyingi za gari za zamani, na karibu zote zinalia juu ya umeme wa injekteri, kile kidude kinachomwagia silinda esansi. Nimechukua nne. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa, juu shida yake naiona kila wiki hapa Lubumbashi na watu wanapoteza pesa nyingi kwa kitu kidogo sana.

Jambo fundi. Niko na Peugeot 505 GTI ya 1986, baba yetu aliinunua wakati alikuwa anatumika Gécamines, kampuni ya migodi, na alipofariki ikabaki kwangu, sitaki kuiuza hata kidogo. Asubuhi inawaka vizuri, inazunguka pole pole bila shida. Lakini nikitoka Kamalondo nikakaribia mjini, motere ikishapata moto inaanza kutetemeka na nguvu inapotea, kama vile silinda moja imelala. Mvua ikinyesha inakuwa mbaya zaidi. Mekano alibadilisha buji (plagi za cheche), kabla za buji (waya zake nene) na kofia ya deliko (kigawanya umeme wa cheche), hakuna kitu kilibadilika. Akasema ni injekteri ya silinda ya tatu, tukapata ingine ya okazioni, yaani iliyokwisha kutumika, tukaweka, siku mbili ikawa sawa kiisha ikarudi vile vile. Sasa anasema ni kalkilateri, ile kompyuta ndogo inayoongoza injekteri, njo imekufa, anaomba dola 350 ili ndugu yake alete ingine kutoka Ubelgiji. Waya alishazipima na multimetri, anasema 12 volti inafika mpaka kwenye fishi (plagi ya waya) ya injekteri, kwa hiyo waya ni nzima. Mi sina hiyo pesa, na moyo unanikatalia. Nifanye nini? – Msomaji wa Kamalondo

Ndugu yangu, pole sana kwa baba, na asante kwa kuishika gari yake. Usitoe hiyo dola 350. Ngoja nikueleze, na ukimaliza kusoma mpe na mekano wako asome, simtukani, hili kosa tumelifanya karibu wote.

Kwanza kalkilateri. 505 GTI yako iko na mfumo wa Bosch wa ukoo wa L-Jetronic, ule wenye debimetri ya kupima hewa inayoingia. Katika mfumo huu kalkilateri haichagui leo nifungue ya kwanza, sasa ya tatu, sasa ya nne, hapana, inazifungua injekteri zote nne kwa pamoja, mara moja kila motere ikizunguka mzunguko mmoja. Motere ikiwa imetulia kwenye mizunguko 900 kwa dakika, hiyo ni mara 15 kila sekunde, zote nne pamoja. Sasa jiulize, kama kalkilateri ingekuwa imekufa, ingewezaje kuua ya tatu peke yake na kuacha zile zingine tatu zifanye kazi? Zingelala zote. Silinda moja ikilala peke yake, shida iko kwenye kile ambacho ni cha silinda ile peke yake: buji yake na kabla yake, injekteri yake, fishi yake, na kile kipande cha waya kuanzia pale waya zinapogawanyika mpaka kwenye fishi, au basi valvu na kompresyo ya silinda yenyewe. Buji na kabla mmeshabadilisha. Valvu mbovu haiponi asubuhi ikarudi kuugua mchana kwa sababu ya mvua. Kwa hiyo tunabaki na injekteri, fishi na waya.

Halafu wewe mwenyewe umeandika kitu kikubwa sana bila kujua. Umesema mliweka injekteri ingine, siku mbili ikawa sawa, kiisha ikarudi. Kuweka injekteri ingine maana yake mlichomoa fishi mkairudisha, mkavuta waya kidogo, mkaigeuza. Mi nikisikia hivyo macho yangu yanaenda kwenye fishi moja kwa moja.

Sasa ile 12 volti ya mekano. Multimetri ikipima volti haivuti umeme wowote wa maana, ni kama mtu anayechungulia kwenye tiyo kuona kama kuna maji bila kufungua robine. Waya inaweza kuwa imekatika ndani ya plastiki yake, umebaki uzi mmoja mwembamba kama unywele, na multimetri itasoma 12 volti safi kabisa. Lakini injekteri yako inataka kuvuta umeme kweli. Injekteri za mfumo wako ziko na karibu omu 16 (omu ni kipimo cha vile waya inazuia umeme), kwa hiyo kwa 12 volti inavuta karibu ampere 0.75. Tuseme ule uzi mmoja na kutu ya kwenye fishi vimeongeza omu 5 njiani. Hapo injekteri haipati 12 tena, inapata kama volti 9, na omu zikiongezeka kwa sababu ya moto inapata 8, inapata 7. Na usisahau kwamba motere ikiwa imetulia injekteri inapewa muda wa milisekunde 2 au 3 tu ya kufunguka na kumwaga esansi, sehemu kubwa ya muda huo inaisha kwa kufunguka tu. Umeme ukiwa dhaifu inachelewa kufunguka, inamwaga kidogo sana, au haifunguki kabisa. Silinda inalala. Multimetri bado inasema 12.

Basi fanya hivi, na usiruke hatua.

Washa motere, iache ipate moto mpaka ianze kutetemeka. Chukua turnevisi ndefu, weka ncha yake juu ya mwili wa injekteri ya kwanza na mpini kwenye sikio, utasikia tik-tik-tik kavu na ya haraka. Nenda ya pili, ya tatu, ya nne. Angalia mkono na nguo visikaribie feni na mkanda. Ya tatu kama iko kimya, au inapiga kwa unyonge, umeshajua si mambo ya buji. Kama bado una mashaka, chomoa fishi za injekteri moja moja huku motere inazunguka: ukichomoa ya silinda nzima motere inashuka na kutetemeka zaidi, ukichomoa ya ile iliyolala hakuna kinachobadilika. Ile tabia ya kuchomoa kabla za buji motere ikiwa inazunguka achana nayo, inaweza kuua moduli ya moto, kile kidude cha umeme kinachoongoza cheche za buji, na inaweza kukutupa chini.

Zima. Sasa njo jaribio ambalo nalipenda kuliko yote, halihitaji hata chombo kimoja. Fishi ya namba mbili ilete kwenye injekteri ya tatu, na fishi ya namba tatu uipeleke kwenye injekteri ya pili, kama waya zinafika bila kuvutwa. Kwa sababu zote zinapigwa pamoja, motere haitajua kama umebadilisha. Washa tena, ikiwa na moto vile vile. Ugonjwa ukihamia silinda ya pili, injekteri ya tatu haina kosa, ni fishi au waya. Ugonjwa ukibaki kwenye ya tatu, injekteri yenyewe njo mbovu, na ya okazioni inawezekana kabisa, hujui ilitoka kwenye motere gani. Hapo chomoa fishi upime omu kati ya vijiti viwili vya injekteri, baridi na tena ikiwa na moto: karibu 16, ikiwa na moto inaweza kupanda kidogo, hiyo si shida. Ikisoma 16 baridi na moto ikakataa kusoma kabisa, koili yake ya ndani inakatika ikipata joto. Pima pia kati ya kijiti na chuma ya injekteri, pasisome kitu.

Mi naweka imani yangu kwenye fishi. Ichomoe uiangalie vizuri kwa mwanga wa tochi, usiangalie kwa nje tu. Vuta nyuma ile mpira inayoifunika, kama bado ipo, mara nyingi kwa gari ya miaka hii imekauka na kupasuka, na njo pale maji ya mvua na vumbi letu nyekundu vinaingia. Ndani utaona vipande viwili vya shaba ambavyo vinashika vijiti vya injekteri. Viko na rangi ya kijani? Hiyo ni kutu ya shaba. Sasa angalia kitu kingine: vile vipande vinatakiwa kubana. Linganisha na fishi ya silinda ya nne. Kama ya tatu imepanuka, mdomo wazi, kuna mtu aliingiza ncha nene ya multimetri humo ndani ili apime, na alipoitoa shaba haikurudi. Nimeona wanaingiza mpaka msumari. Fishi iliyopanuka inagusa ikiwa baridi, motere ikipata moto na kutetemeka inaachia. Inafanana kabisa na hadithi yako, na kila anayekuja kupima anaipanua zaidi. Ukitaka kupima, pitia nyuma ya fishi na sindano nyembamba kandokando ya waya, usiguse mdomo wa mbele kamwe.

Ili ujue kama umeme unafika wenye nguvu, tumia ampuli. Chukua ampuli ya wati 10 ya 12 volti, hiyo inavuta ampere 0.8 hivi, karibu sawa na injekteri yenyewe. Mguu mmoja kwenye waya ile ya fishi inayoleta umeme, mguu mwingine kwenye minus ya batri yenyewe, siyo kwenye chuma popote. Gari nyingine rele (swichi inayoendeshwa na umeme) inaleta umeme ukiwasha kontakti tu, nyingine inangoja motere izunguke, kwa hiyo uwe na mtu wa kuzungusha demareri (starta). Ampuli iwake sawa na ukiiweka moja kwa moja kwenye batri. Ikiwaka nyekundu nyekundu kama mshumaa, umeshapata. Hapo ampuli ikiwa inawaka, shika waya, ipinde, ivute kidogo, hasa sentimita kumi za mwisho karibu na fishi, na pale inapopita juu ya chuma yenye moto. Ikipepesa, weka alama pale pale.

Waya ya pili, ile inayokwenda kwenye kalkilateri, hiyo usiifungie ampuli ya wati 10. Ampuli ikiwa baridi inavuta umeme mara nyingi zaidi kuliko ikishawaka, na transista ya ndani ya kalkilateri haikutengenezewa hiyo. Tafuta ampuli ndogo ya dashibodi, wati 2 au 3, ziunganishe waya zake na vijiti viwili bapa vyenye upana sawa na vya injekteri, uingize kwenye fishi mahali pa injekteri, halafu zungusha demareri. Inatakiwa ipige, iwake izime iwake izime haraka. Ikiwaka bila kuzima, plastiki ya waya imeliwa na waya inagusa chuma mahali. Isipowaka na ile ya umeme ni nzuri, waya ya kurudi imekatika njiani. Hiki kiampuli kihifadhi, kitakusaidia miaka.

Kutengeneza: usikate waya ukaizungushia ingine na kufunga na skochi, nakuomba. Kata kidogo kidogo kuanzia fishi mpaka uone shaba inayong'aa. Kwenye gari hizi unakata sentimita ya kwanza unakuta nyuzi nyeusi kama zimechomwa, ya pili nyeusi, ya tatu ndo zinaanza kuwa na rangi ya shaba. Etini (risasi ya kuchomelea) haishiki vizuri kwenye shaba nyeusi, na ukiweka asidi itakuja kuila waya baadaye. Unga kipande cha waya chenye unene ule ule kwenye shaba safi, chomelea vizuri, ivike mrija wa kubana kwa moto, na weka fishi mpya yenye vipande vipya vya ndani, zinapatikana kwa wauza piesi soko ya Kenya, ile komini ya hapa Lubumbashi, na kwenye magari ya ajali, injekteri nyingi za Bosch za miaka ile zinatumia fishi ya aina moja. Acha waya iwe na ulegevu kidogo isivutwe motere ikitetemeka. Na zile fishi zingine tatu zina umri ule ule, kwa hiyo ukiwa hapo zifanye zote.

Kabla hujafunga kapo (boneti), tafuta na masi ya kalkilateri, ile waya ya kurudisha umeme, imefungwa na bolti kwenye motere, kwa kawaida upande wa kolekteri, ile mirija inayoingiza hewa. Ifungue, isugue na msasa mpaka chuma ing'ae, ifunge. Hii nakuambia kwa uchungu wangu mwenyewe. Miaka ya nyuma nilikuwa na BMW 320i ya 1984, ikawa inazima yenyewe kila motere ikipata moto, na fundi mmoja mkubwa hapa mjini, garaji yake naiacha bila jina, akaniuzia kalkilateri ya kwanza, haikusaidia, akaniuzia ya pili. Nilikopa ile pesa. Siku moja jioni natafuta kitu kingine kabisa nikagusa waya ya masi ikaniachia mkononi, ilikuwa imeshikwa na kutu tu, chini ya bolti kulikuwa na ukoko mweupe kama chumvi. Nikasugua dakika tano. Ile gari niliitembeza mpaka Likasi na kurudi, karibu kilomita 240, haikukohoa hata mara moja. Kalkilateri yangu ya mwanzo, niliyoambiwa imekufa, niliirudisha ndani ikafanya kazi, na zile mbili za okazioni bado ziko kwenye sanduku nyumbani, nzima.

Ukimaliza, mwagia fishi zote maji kidogo na chupa ya kupulizia, motere ikiwa imetulia na ina moto. Isipobadilika, mvua haitakusumbua tena. Niandikie unieleze ilikuwa nini.

Fundi, jambo. Mume wangu aliniachia Mercedes 280 E, ile W123, ya 1979. Mwezi wa sita na wa saba asubuhi inasumbua kuwaka, na ikishapata moto inanuka esansi sana, inakunywa vibaya. Kijana wa garaji anataka kupima umeme wa injekteri lakini anasema waya za injekteri zimeibiwa, hakuna hata moja. Ni kweli waya zinaweza kuibiwa hivyo? – Mama wa Kampemba

Mama, hakuna aliyekuibia, na mwambie huyo kijana kwa upole. Mercedes yako iko na mfumo tofauti kabisa, K-Jetronic, na injekteri zake hazina umeme. K inatoka kwenye neno la Kijerumani lenye maana ya bila kukatika: esansi inamwagika muda wote motere inapozunguka, injekteri inafunguka kwa nguvu ya esansi yenyewe ikifika kama bari 3.5. Gari mbili za mwaka mmoja kutoka nchi moja zinaweza kuwa hivyo, moja injekteri za umeme na nyingine za presha tu, kwa sababu Bosch ilitoa K na L zote katika mwaka 1973 na viwanda vikachagua.

Lakini umeme upo Mama, uko sehemu zingine, na shida yako naiona huko. Mbali na zile sita za silinda, kuna injekteri moja ya saba, imekaa peke yake kwenye kolekteri, hiyo njo ya umeme, inamwaga esansi ya ziada sekunde chache tu asubuhi ya baridi wakati demareri inazunguka. Inaongozwa na swichi ya joto iliyozamishwa kwenye maji ya motere. Ikiwa haipati umeme, asubuhi ya mwezi wa saba ya Lubumbashi itakusumbua. Ikiwa inavuja, au inapata umeme muda wote, utanusa esansi.

Na kuna kitu kinaitwa regulateri ya kupasha, kidude cha chuma kwenye motere chenye mirija miwili ya esansi na fishi moja ya umeme. Ndani yake kuna kipande kinachopata joto kwa umeme, na kikipata joto kinaambia motere ipunguze esansi. Fishi yake ikikosa umeme, motere inabaki inakunywa kama bado ni asubuhi, ndiyo hiyo harufu na hayo matumizi. Kijana apime kwanza pale, motere ikiwa inazunguka, na ampuli, si na multimetri peke yake. Halafu achomoe fishi ya ile injekteri ya saba motere ikiwa na moto, harufu ikipungua basi ameshika mwizi mwenyewe. Mirija ya esansi asiifungue motere ikiwa na moto, mfumo huu unashika presha hata umezimwa, na esansi ikirukia kwenye chuma ya ekzosti gari inaungua. Mama hilo msimamie mwenyewe.

Vyee, batri ya BMW 320i yangu ya 1985 ilikufa barabarani hapa Kolwezi, dereva wa kamyo akanisaidia na kabla za batri, gari ikawaka sekunde mbili ikazima, mpaka leo demareri inazunguka ila haiwaki, injekteri kimya zote. – Kijana wa Kolwezi

Mdogo wangu, kamyo ni 24 volti. Uliipa gari yako umeme mara mbili ya inayotaka. Kalkilateri inaweza kuwa imekufa kweli safari hii, lakini usianzie huko. Angalia fyuzi zote, halafu rele ya injekteri na ya bomba ya kusukuma esansi, hizo zinakufa kwanza na zinauzwa bei ndogo. Halafu zungusha demareri ukiangalia saa ya mizunguko kwenye dashibodi: sindano ikitikisika kidogo, ishara ya cheche inatoka kwenye bobini (koili inayotengeneza umeme wa cheche), isipotikisika kabisa huenda moduli ya moto njo imekufa. Kalkilateri ya mfumo huu inajua motere inazunguka kwa kusikiliza bobini, kwa hiyo bobini ikinyamaza nayo inanyamaza, ina afya yote lakini haipigi injekteri. Hakikisha kuna cheche kwenye buji. Cheche ikiwepo, umeme ukifika kwenye fishi za injekteri, masi ikiwa safi, na kile kiampuli kidogo nilichoeleza juu bado kimya, hapo njo utafute kalkilateri, na namba iliyoandikwa juu yake ifanane na yako tarakimu kwa tarakimu.

Siku nyingine tafuta gari ndogo. Kama ni kamyo peke yake barabarani, iwe imezimwa, na uchukue kwenye batri moja tu kati ya zile mbili, ile ambayo minus yake inakwenda kwenye chasi, nyekundu kwenye plus ya batri hiyo hiyo, uziache dakika kumi za kuchaji, kisha utoe zile kabla za batri, ndo uwashe. Pima na multimetri kabla ya kugusa gari yako, isome 12 na kitu, si 24.

Nimepata injekteri nne safi za Bosch, fishi inaingia sawa sawa kwenye Opel yangu, lakini nikipima zinasoma omu 2.4 na za zamani zilikuwa 16. Ni nzuri zaidi? – Msomaji wa Ruashi

Hapana, na asante kwa kupima kabla ya kuweka. Zile za omu 2.4 ni za mifumo ya mwanzo mwanzo, kwenye gari zao kuna vizuizi vya omu 6 hivi njiani vya kupunguza umeme, kwa hiyo kila moja inavuta ampere 1.4 hivi. Kwenye Opel yako hivyo vizuizi havipo, kila injekteri itavuta ampere 5, nne ni 20, na kalkilateri ilitegemea 3 kwa jumla. Itaungua siku hiyo hiyo. Na usizijaribu kwa kuzifunga moja kwa moja kwenye batri uone kama zinapiga, koili inapata moto haraka sana, ukitaka kuzisikia gusa kwa mpigo mfupi tu na ampuli ya wati 21 iwe katikati ya njia. Mrudishie aliyekuuzia, mwambie unataka za omu 16, na uende na multimetri yako.